Wafungwa Wanaorudi Mtaani na Mzigo wa Maafisa wa Probesheni

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza sisi wa ofisi tuseme maneno machache juu ya wageni ambao katika mwaka huu wamebisha mlangoni petu mara nyingi kuliko watu wengine wote, yaani maafisa wa probesheni. Katika kikao kimoja mzee wetu, ambaye hapendi tumtaje jina, aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile. Alisema: "Zamani afisa huyu alikuja kuuliza habari za kijana aliyeiba kuku na hakimu akamhurumia. Siku hizi aja kuuliza habari za watu waliofungwa kabla mtoto wangu wa mwisho hajazaliwa. Je, kazi yake imebadilika, au ni sisi tuliosahau?" Tulikwenda tukatafuta, tukauliza, tukasoma. Hotuba hii ndiyo jibu lenyewe, ingawa limekuwa refu kuliko swali.

Kazi imebadilika, mzee wetu. Tena imebadilika mara nyingi, na kila ilipobadilika mzigo uliongezwa juu ya kichwa kilekile.

Lakini kwanza tuanze hapa nyumbani. Mtu atokaye gerezani, awe ametoka Kamiti au Naivasha, au mwanamke aliyetoka Lang'ata, haendi kutafuta kazi katika maofisi ya mjini. Huko ataulizwa cheti cha polisi cha tabia njema, na cheti hicho kitamsema kabla yeye hajafungua kinywa. Hapa Toi hakuna aulizaye cheti. Robota la mitumba likifunguliwa alfajiri, mwenye shilingi mia chache aweza kuchagua mashati matano, akayafua na kuyapiga pasi, akayatundika, na jioni akawa na nauli na unga. Asiye na hata hizo mia aweza kubeba mizigo ya wengine, au kuwachotea maji wapishi, au kusukuma mkokoteni. Kwa hiyo soko letu, lililo ukingoni mwa Kibera karibu na Barabara ya Ngong, limekuwa kivuko cha watu wanaorudi duniani. Wengi wao hulala Kawangware, upande wa Gatina, au huko ndani ya Kibera, Lindi na Laini Saba, kisha hushinda hapa. Likumbukeni jambo hilo la kulala huku na kushinda kule, maana tutalirudia.

Sasa tutazame hiyo kazi yenyewe. Sheria ya probesheni ya Kenya ilitungwa mwaka 1943, wakati wa vita vya Hitler, na utumishi wake ukaanza mwaka 1946. Maana yake ilikuwa nyepesi kufahamika. Mkosaji akikubali, mahakama humwacha akae nyumbani kwake chini ya uangalizi wa afisa, kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Afisa humtembelea, humshauri, humtafutia kazi kama aweza, na akivunja masharti humrudisha mbele ya hakimu. Basi hayo ndiyo aliyoyakumbuka mzee wetu, kijana na kuku wake.

Baadaye madaftari yakaanza kuzaana. Mwaka 1963 ilikuja sheria ya Borstal, na vijana wa Shikusa na wa Shimo la Tewa wakawa hukabidhiwa kwa afisa huyo watokapo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 ikaleta wale tunaowaona wakifyeka nyasi na kusafisha mitaro badala ya kutumikia kifungo kisichozidi miaka 3. Nao pia wako chini ya idara hiyohiyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 133, ikaweka kamati ya kumshauri Rais juu ya msamaha wa wafungwa, na kamati hiyo, kama mwenye busara yeyote, hutaka kujua habari za nyumbani kabla ya kusema neno. Mwaka 2015 ukatolewa mwongozo wa dhamana, na tangu hapo hakimu aweza kumtaka afisa amwandikie habari za mshtakiwa ambaye hata kesi yake haijasikizwa. Kisha tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Francis Muruatetu na mwenzake kwamba sheria iliyomfunga jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji, bila kumsikiliza akiomba apunguziwe, ilikuwa kinyume cha Katiba. Wafungwa wengi wakaomba kuhukumiwa upya. Majaji nao wakauliza yanayopasa kuulizwa: Mtu huyu amekuwa mtu wa namna gani? Kwao kukoje? Je, watampokea? Mwezi wa Julai 2021 mahakama ileile ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu makosa ya mauaji peke yake, lakini wakati huo maafisa walikuwa wamekwisha kutumwa vijijini miaka mitatu na zaidi. Tusisahau mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia na wafungwa zaidi ya 4,000 wa makosa madogo na wa vifungo vilivyokaribia kwisha wakaachiliwa kwa majuma machache ili magereza yapumue.

Hilo ndilo jibu la swali la mzee. Afisa aliyekuja juzi kumuuliza habari za watu wa zamani ametumwa na daftari la baadaye, na madaftari yale mengine bado yako mezani kwake.

Tumesikia watu wengi wakisema kwamba dawa ya magereza yaliyojaa ni parole, na hapana budi neno hilo tulifafanue, maana wengine hulitumia kwa kila mtu aliyetoka jela mapema. Asili yake ni Kifaransa, na maana yake ni neno la mtu, ahadi yake. Mfungwa hutolewa kabla ya muda wake kwisha, akaweka ahadi, na sehemu ya kifungo iliyobaki akaimalizia nyumbani chini ya macho ya mtumishi wa serikali. Jirani zetu wa Tanzania walitunga Sheria ya Bodi za Parole mwaka 1994. Kwao mfungwa wa kifungo kirefu aliyekwisha kutumikia theluthi moja aweza kufikiriwa na Bodi, isipokuwa wenye makosa ambayo sheria hiyo imeyatenga. Hapa Kenya hatuna bodi ya namna hiyo. Sisi mfungwa mwenye mwenendo mwema hupunguziwa theluthi ya kifungo chake, akatoka langoni huru kabisa, wala hakuna mtu wa kumuuliza amelala wapi. Wanaotoka wakiwa bado chini ya uangalizi ni wachache: vijana wa Borstal, waliokuwa wamezuiliwa kwa ugonjwa wa akili au kwa amri ya Rais, waliosamehewa kwa masharti, na wale waliohukumiwa upya ambao jaji ameona miaka waliyokaa yatosha, akawaweka chini ya probesheni kwa muda uliobaki.

Ni wachache, na wachache hao ndio wazito. Hapo ndipo penye jambo lenyewe tulilotaka kulisema. Watu hudhani kwamba mfungwa akitoka, mzigo umepungua. Umepungua kwa askari wa gereza. Askari mmoja aweza kuwalinda watu 50 waliofungiwa ua mmoja, akawahesabu asubuhi na jioni. Afisa wa probesheni mwenye watu 50 ana nyumba 50, na milango 50, na mama wakwe 50. Mzigo wa mtu huyu haukutoweka. Umeshushwa kwenye bega la askari ukapandishwa kwenye bega la afisa, na afisa akishindwa, umeshushwa kimyakimya mlangoni kwa wazee, bila barua wala taarifa.

Tufanye hesabu ya darasa la nne. Tarakimu hizi ni za mfano wetu tu, msije mkazitaja mahali kama takwimu za serikali. Chukueni afisa mmoja, mwanamke, mwenye siku 20 za kazi katika mwezi. Siku 4 yuko mahakamani. Ameagizwa taarifa 6, na kila taarifa yataka siku nzima ya kutembea na nusu siku ya kuandika. Hizo ni siku 9. Zimebaki 7. Akiweza kuwafikia watu 4 kwa siku, kwa mwezi atakuwa amefika kwenye milango 28. Kama ana watu 60 katika orodha yake, kila mmoja atamwona nyumbani mara moja katika miezi miwili na zaidi, na hilo pengine lawezekana kwa kijana aliyeiba kuku. Haya, sasa mwongezeeni watu 10 tu waliotoka vifungo virefu, ambao katika miezi ya kwanza yafaa waonwe kila juma. Hizo ni ziara 40 peke yake. Siku zake 7 zimekwisha na deni limebaki, na wale 60 hajawagusa. Afanyeje? Atawaambia wote waje ofisini kutia sahihi. Na mtu aweza kutia sahihi nzuri sana kila Jumatatu huku nyumba yake yaungua.

Wala msidhani jambo hili ni la umaskini wetu. Uingereza, ambako ndiko tulikoipokea sheria hii, walitunga sheria mwaka 2014, ikaanza kazi Februari 2015, kwamba hata mfungwa wa miezi michache aangaliwe kwa miezi 12 atokapo. Nia ilikuwa njema. Makumi ya maelfu ya watu wakaongezwa katika orodha, na wakati uleule utumishi wenyewe ukakatwa vipande viwili, kipande kikubwa kikapewa makampuni. Ikafika mahali maafisa wengine wakawa wanawaangalia watu wao kwa simu tu. Mwaka 2021 serikali yao ikaikusanya tena kazi yote chini ya idara moja. Kama wenye reli na barabara zao walishindwa kubeba, sisi wa vichochoro vya Makina hatuna haja ya kuona haya tukisema mzigo ni mzito. Haya yawe juu ya kunyamaza.

Sasa tutoe mfano wa mtu tunayemjua. Jina hatutalitaja, ingawa baadhi yenu mtamtambua, nanyi twawaomba mkae nalo kifuani. Alirudi baada ya miaka mingi, jaji alipomhukumu upya na kumweka chini ya probesheni. Alitoka na karatasi ya mahakama, na ufundi wa kushona alioupata gerezani, ambao kwa kweli ni ufundi mzuri. Mke aliyemwacha alikuwa amekwisha kuwa mke wa mtu mwingine. Kaka yake aliyempokea siku ya kwanza alimpokea mpaka siku ya nne. Kitambulisho chake kilikuwa kimepotea tangu siku aliyokamatwa. Na mtu asiye na kitambulisho hasajiliwi laini ya simu, na asiye na laini hana M-Pesa, na asiye na M-Pesa siku hizi hawezi hata kuuza fundo la sukuma wiki, kwa kuwa mnunuzi hana sarafu mfukoni. Afisa wake alikwenda naye mara tatu katika ofisi za serikali kutafuta kitambulisho hicho. Hakuna sheria iliyomwamuru aende mara tatu. Siku hizo tatu aliziiba kutoka kwa watu wengine katika orodha yake, naye alijua hivyo.

Mwishowe mtu huyu akapata chumba Kawangware na nafasi ya kuweka cherehani hapa Toi, cherehani ambayo akina mama wa akiba walimwazima kwa malipo ya kila juma. Katika faili lake iliandikwa mahali anapolala na mahali anapofanyia kazi, kama itakiwavyo. Mtu mmoja, anwani mbili, na kati ya hizo mbili mwendo wa saa nzima kwa miguu kupitia Dagoretti Corner. Afisa akimkosa hapa hana budi kwenda kule.

Mwajua yaliyotokea tarehe 12 Oktoba 2024. Soko letu limeungua mara nyingi. Liliteketea katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, likaungua mwaka 2019, na moto huo wa 2024 ulichukua pia roho za watu 4, ambao twawakumbuka. Cherehani iliteketea. Mahali palipoandikwa katika faili kama mahali pa kazi pakawa majivu na mabati yaliyojikunja. Mtu wetu akatoweka. Siku yake ya kuripoti ikapita, na ya pili ikapita. Tulimpigia afisa simu, tukaambiwa yuko mkoa mwingine kabisa, ametumwa nyumbani kwa mfungwa ambaye jaji alikuwa akimngojea taarifa yake. Aliporudi alikuta kazi ya majuma mawili imelala. Kwa kanuni, mtu asiyeripoti huandikiwa mahakama, na mahakama humwita, na asipokuja hukamatwa. Afisa hakuwa na siku ya kwenda Kawangware kutafuta. Akaandika barua.

Aliyemwona ni mama mmoja auzaye kunde, mwanachama wetu, ambaye alikwenda Gatina kudai fedha zake. Alimkuta kibarazani kwa mtu, akishona nguo kwa mkono kwa sindano. Akamuuliza, "Baba, mbona umetukimbia?" Akajibu kwamba soko likiungua, mtu wa kwanza kutazamwa ni yule aliyetoka jela, naye alikuwa amekwisha kusikia watu wawili wakimnong'ona kwenye majivu. Hakukimbia moto. Alikimbia macho yetu. Mama yule hakuwa na cheo wala kitabu cha sheria. Alimpa simu yake pale pale, akamwambia azungumze na afisa. Barua ilikuwa bado mezani, haijatiwa sahihi.

Tumelisimulia jambo hili kwa urefu kwa sababu katika hesabu yetu ya siku 20 haikuwamo siku ya kwenda Gatina. Kilichomwokoa mtu yule ni deni la kunde.

Yatupasa pia kusema kosa letu, maana si haki kuhesabu mizigo ya wengine tukaficha yetu. Miaka michache iliyopita mama mmoja alikuja akilia kwamba mwanawe aweza kuachiliwa ikiwa wazee watatoa neno jema. Sisi hatukumjua kijana yule. Tulimjua mama, naye ni mtu wa kuheshimika, tukaona vibaya kumrudisha mikono mitupu. Tukaandika barua nzuri, Kiswahili safi, tukapiga muhuri wa chama. Afisa aliyekuwa na haraka aliitegemea barua hiyo, kwa kuwa muhuri wa wazee ulimpunguzia siku moja ya kutembea. Kijana akarudi, na kabla ya miezi miwili kwisha alivunja chumba cha mjane aliyempangisha jirani, akachukua pasi, jiko la gesi na akiba ya karo ya watoto. Afisa aliitwa kueleza kwa nini taarifa yake ilikuwa njema. Sisi hatukuitwa. Muhuri wetu ulirudi sandukuni ukalala salama.

Tena kuna maneno yasemwayo sokoni, nasi tumeyasikia, kwamba mahali pengine barua ya wazee hupatikana kwa chai. Katika chama hiki hatujaona ushahidi wa jambo hilo, lakini lililotokea kwa mjane yule halikuhitaji chai. Lilihitaji adabu iliyokosea mahali tu.

Wapo wazee wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: Mbona kila mtu aja kutuuliza habari za aliyeua, wala hakuna aulizaye habari za waliofiwa? Hapa mtaani jamaa wa pande zote mbili huenda huchota maji bomba moja. Tulilitazama jambo hili, tukaona kwamba sheria haikuwasahau. Kifungu kilekile cha 133 cha Katiba chasema kamati ya msamaha yaweza kuzingatia maoni ya walioathiriwa, na iko Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014. Tatizo ni miguu ya kuwafikia. Kuzungumza na mama aliyefiwa si kazi ya dakika kumi mlangoni. Mara ya kwanza atakufukuza, mara ya pili atalia, na pengine mara ya tatu ndipo atakaposema jambo lenye kufaa kuandikwa. Afisa mwenye siku 7 atakwenda mara ya kwanza, aandike kwamba jamaa hawakuwa tayari kuzungumza. Na ataandika kweli tupu. Hivyo ndivyo kazi ikizidi hupunguza haki bila mtu yeyote kusema uongo.

Katika Japani wazee wa mitaa wamekuwa wakisaidia kazi hii kwa sheria ya mwaka 1950. Huitwa hogoshi, nao ni kadiri ya 47,000. Hawapati mshahara, hurudishiwa gharama tu, na desturi yao ni kumkaribisha nyumbani mtu aliyetoka gerezani wakazungumza naye juu ya kikombe cha chai. Idara yetu ya probesheni ilijifunza kutoka kwao, ikaanza kuwaandikisha maafisa wa kujitolea katika mitaa. Twalipenda jambo hili, walakini tusilipambe. Mwezi wa Mei 2024 mmoja wa wazee hao wa Japani aliuawa katika mji wa Otsu, na aliyeshtakiwa ni mtu aliyekuwa chini ya uangalizi wake. Kwa hiyo mzee wa hapa asemapo anaogopa kumfungulia mlango mtu fulani usiku, asichekwe. Wala kujitolea kusiwe njia ya serikali kujiepusha kuajiri. Mzee wa miaka 70 apandaye matatu kwa fedha zake kwenda Kawangware kumtafuta mtu asiyeripoti anafanya kazi ya mtu aliyetakiwa kulipwa, na akiugua hakuna wa kushika nafasi yake.

Kwa maoni yetu, kama Bunge litataka siku moja kuleta parole kamili kama ya Tanzania, nasi tungependa ilete, basi maafisa, nauli na vyumba vya kulala vya majuma ya kwanza vitangulie, na lango la gereza lifunguliwe nyuma yao. Lango likitangulia, watakaokuja kubisha kwetu watakuwa wengi kuliko viti tulivyo navyo. Chama kimeandika barua yenye maneno hayo kwa mbunge wetu na kwa ofisi ya idara. Tumepata jibu moja, la kwamba barua imepokelewa.

Hayo ni ya wakubwa. Yaliyo mikononi mwetu, halmashauri imekwisha kuyapitisha, nasi tumeagizwa kuyasoma. Barua ya kumdhamini mtu haitatolewa tena na ofisi peke yake. Itatolewa baada ya wanachama wawili wanaomjua mtu huyo kwa macho, wala si kwa mama yake, kutia sahihi zao chini ya maneno yao wenyewe; na kama hatumjui, tutaandika kwamba hatumjui. Haitalipiwa hata senti. Pili, litawekwa daftari la watu waliorudi ambao wao wenyewe wamekubali kuandikwa, pamoja na mahali wanapolala, mahali wanaposhinda, na jina la mtu mmoja wa hapa sokoni ambaye ataulizwa kwanza ikiwa hawaonekani. Daftari hilo litafungiwa kabatini, na halitasomwa na mtu mwingine ila kwa ruhusa ya Mwenyekiti, kwa maana jina katika daftari la namna hii laweza kumponya mtu au kumchoma. Tatu, afisa ajapo atapewa chumba cha nyuma, Jumanne asubuhi, ili awaone watu wake wote wa pande hizi siku moja, asitembee tena kutoka kibanda hadi kibanda akiwatangaza. Tumehesabu kwamba jambo hilo dogo litampa siku mbili katika mwezi.

Afisa ameahidi kuanza Jumanne ya kwanza baada ya mkutano huu. Fundi wetu wa cherehani amesema atakuja, naye ameomba jina la mtu wa kuulizwa kwanza liwe la mama wa kunde. Mama amekubali, kwa sharti kwamba lile deni la kule Gatina lisihesabiwe limefutwa. Daftari liko mezani kwa mweka hazina, na ukurasa wake wa kwanza una majina manne.